Kinanda cha Kadibodi

Juni 4

Dada yangu mpenzi,

Barua hii ikukute umekaa. Nakujua, ukiisoma umesimama utasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, halafu urudi kwenye cherehani. Kaa kidogo, nguo hazina miguu.

Sisi huku hatujambo. Bati la jikoni bado linavuja palepale, na baba Sisimizi bado anasema atalipanda akirudi safari. Nimeweka sufuria chini yake, likianza kudondosha tunajua mvua imefika kabla hata jirani hajaanua nguo. Mgongo wangu umepoa. Shule imefungwa Ijumaa na Sisimizi kashika nafasi ya tano. Angekuwa wa tatu, ila hesabu zimemvuta shati.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Simu huipokei tangu mwaka jana, na sikulaumu, ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule mapema na mwandiko wangu wa kuku. Ni hivi. Mwalimu wa muziki alimchagua Sisimizi ajifunze kile kinanda kikubwa cha shule. Wako watoto kumi na kinanda ni kimoja. Likizo ikiisha atawasikiliza mmojammoja, na watakaobaki ni wanne. Aliniita nilipokuwa nafagia koridoni, akaniambia, "Mama, likizo hii ndefu ndiyo inayonimalizia watoto. Wanaondoka na vidole, wanarudi na vijiti. Robo saa kila asubuhi, isikose." Nikamuuliza, robo saa juu ya nini, na sisi nyumbani hata redio tunasikiliza ya jirani. Akacheka, akasema mama hakosi njia.

Njia nimeipata. Siku nilipokuwa napangusa vumbi kwenye kinanda nililaza kadibodi ya boksi la karatasi juu ya meno yake. Yana jina lake, lakini mimi nayaita meno. Nikayafuatisha kwa penseli, meupe na meusi, na nyumbani yale meusi nikayapaka rangi ya viatu. Ukiiona utasema fundi kapita hapa.

Ila mimi kwenye likizo ndipo kazi inapozidi. Tunakwangua madawati na kupaka rangi vyumba vyote, na watoto hawaruhusiwi kwa sababu ya ile harufu. Chumba cha kinanda kimefungwa, mkuu wa shule kaondoka na ufunguo. Kwa hiyo nakuomba umpokee mwanao Sisimizi. Baba yake atamshusha mlangoni kwako Jumamosi akipita na lori. Mkalishe robo saa kila asubuhi, basi. Kadibodi haina sauti, haitakusumbua.

Najua atakuwa mtoto wa kwanza kulala kwako tangu Chiriku wako atutoke. Kama ni mapema mno, mrudishe na lori lilelile, sitanuna.

Mdogo wako

*

Juni 17

Mdogo wangu,

Nimekaa. Nimesoma yote, na mwandiko wako wa kuku nimeuparua mpaka nikapata punje.

Mtoto kafika salama. Shemeji kanywa maji amesimama, lori linaunguruma nje kama lina kesi mahakamani. Mimi sijambo. Nina oda ya mashati mia mbili ya shule, ya kutolewa kabla shule hazijafunguliwa, na kola zinanitoa macho.

Kulala analala na mimi. Kile chumba kingine nimekifunga. Nimejaza vitambaa vya wateja humo, hapana pa kutia mguu.

Mazoezi anafanya. Asubuhi akishanawa namtandikia kadibodi yako mwisho wa meza ya kukatia, mimi nashona upande wangu. Mtu akichungulia dirishani atamwona mtoto anapapasa boksi na mtu mzima kalitolea macho, atasema humo ndani wamechanganyikiwa wote wawili. Halafu, fundi, rangi yako ya viatu inahama. Kola mbili nyeupe zimepata alama za vidole, nimezifua mara mbili. Sasa sheria ni kwamba hagusi kitambaa kabla ya sabuni.

Maswali yake utadhani karani wa sensa. Jana kaniuliza kwa nini mimi nina miguu miwili na cherehani inataka yote miwili, je fundi mwenye mguu mmoja anashonaje. Nimemwambia anashona nusu nguo. Kakubali.

Robo saa naipima kwa saa ya ukutani. Ikiisha nasema imetosha, naye anaomba dakika moja. Kila siku dakika moja.

Dada yako

*

Juni 25

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma tena kwenye ngazi za shule na mikono imejaa rangi, ukiona karatasi hii ina madoa ya samawati usishangae. Nimecheka peke yangu kuhusu fundi wa nusu nguo mpaka mwenzangu akaniuliza nimepandishwa cheo au vipi.

Sufuria za chini ya bati sasa inabidi ziwe mbili. Baba Sisimizi hajambo, kapita hapa akalala usiku mmoja, kalitazama bati kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha, halafu kaondoka.

Nikuchekeshe na mimi. Siku ile nachora, nilifika katikati tu nikasikia viatu vya Mwalimu. Nikaichomeka kadibodi ndani ya aproni, nikawa napangusa kinanda kilekile mpaka kikang'aa. Mwalimu akasema, "Leo mama umekipenda sana." Nusu ya pili nimeichorea nyumbani kwa kichwa. Si ni yaleyale yanajirudia? Sikuona ugumu wake.

Nimekutana naye tena, nikamweleza mambo ya kadibodi. Akanishika mkono. Akasema ni nzuri kwa vidole, lakini masikio yatalala, na masikio yakilala vidole vinapotea njia. Dawa yake ni mtoto aimbe kile anachogusa. Basi naomba umwambie aimbe, dada. Taratibu tu. Sauti yake ni ndogo, si kama ya

Nimefuta maneno hapo. Usiyatafute.

Nikilala nawaza wale wanne. Najua kumtamania mtoto kitu usichokijua ni kama kuagiza nguo bila kupimwa. Lakini siku moja nilimwona kwenye kile kinanda, miguu haifiki chini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye kwao. Nataka arudi pale.

Mdogo wako

*

Julai 16

Dada,

Wiki tatu sasa. Nimemuuliza mtu wa posta mpaka ananiona kwa mbali anatikisa kichwa.

Natumaini ni kola tu zilizokubana. Natumaini hakuna anayeumwa. Kama ni lile nililoliomba la kuimba, basi aache. Aache leo hii. Sikufikiri vizuri. Nilikuwa nawaza mtoto mmoja nikasahau kwamba kwenye nyumba hiyo wako wawili.

Nimeota niko kwako na mlango umefungwa kwa ndani, nabisha na kadibodi mkononi. Sitaki kuitafsiri.

Huku si wabaya. Vyumba sita vimekwisha, vimebaki vinne. Niandikie hata mstari mmoja. Hata unitukane.

Mdogo wako

*

Julai 23

Mdogo wangu,

Haumwi mtu. Mwanao kanenepa, suruali yake imebidi niifumue kiunoni. Mashati mia moja na kumi yamekwisha. Barua yako ya mwezi wa sita ilifika kwa wakati. Nilikuwa naanza kujibu, nachana.

Umeomba nikutukane, basi subiri nikuulize kwanza. Uliniletea mtoto au uliniletea dawa? Kama ni dawa, ungesema, nikajua nameza nini.

Nilimwambia aimbe, kama ulivyotaka. Aliimba siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nakata, mkasi ukaacha mstari, nikaharibu kitambaa cha mashati mawili. Nikamwambia, "Basi, imetosha, nyumba hii haitaki kelele." Hakulia. Alisema, "Ndiyo, Mama Mkubwa," na tangu hapo hata akitembea anatembea kwa soksi. Anakohoa kwenye kiganja. Sikumwambia atembee kwa soksi, kaamua mwenyewe.

Lakini mazoezi hakuacha. Anagusa ile kadibodi bila kuifanya hata iparaze. Mimi najifanya sitazami.

Sasa nikwambie jambo la fundi kwa fundi. Jumatatu niliinua kadibodi nifute meza, nikaona alama. Unajua rangi yako inavyoganda kwenye vidole vyake na kuhamia kwenye meupe. Basi kwenye nusu ya kulia, juu ya mahali peupe tupu, pana doa jeusi. Si la kupita. Ni la mahali palipoguswa mara nyingi. Nikamwita. Nikamuuliza, "Mbona unabonyeza pasipo na jino?"

Akaniambia, "Lipo, Mama Mkubwa. Ila halionekani."

Nikamwambia sijaelewa. Akanionyesha. Upande wa kushoto, uliofuatisha kinanda chenyewe, meusi yako mawili halafu matatu. Upande wa kulia, uliochora kwa kichwa, yako mawili halafu mawili. Jino moja umelisahau, mdogo wangu. Na kwenye wimbo aliopewa na Mwalimu linaguswa mara tisa. Mtoto anajua tangu siku ulipoikausha kadibodi dirishani. Nikamuuliza kwa nini hakukwambia. Akasema, "Mama alikuwa amefurahi."

Nimeshaliongeza, kwa wino wa kuwekea alama nguo, hauhami. Na limekaa mahali pake hasa. Usiniulize nimejuaje mahali pake hasa.

Dada yako

*

Agosti 1

Dada yangu,

Nimekaa na barua yako siku tano. Nimeona aibu hata mbele ya ndoo yangu. Miezi yote hii naringa kichwani kwamba nimemtengenezea mwanangu kinanda, kumbe mtoto ndiye alikuwa ananitunza mimi. Mama alikuwa amefurahi. Nimelia, halafu nimecheka, halafu nimelia tena, jirani kaja kuuliza kama bati limeanguka.

Lakini umeniuliza swali, na sitaki kulizunguka.

Nilijua. Najua kipo kinanda chini ya kitanda cha Chiriku, kile kidogo cha betri, chenye stika ya nyota pembeni. Nilikuwa na wewe dukani siku ulipokinunua, mimi ndiye niliyekibeba kichwani mpaka stendi. Nilipomtuma Sisimizi na kadibodi, moyo wangu ulisema, labda siku moja dada akimwona mtoto anapapasa boksi ataingia mwenyewe mle chumbani. Kuomba sikuthubutu. Ningeombaje? Nikatuma kadibodi iombe kwa niaba yangu.

Kwa hiyo ulivyosema ndivyo. Nilileta mtoto, na ndani ya mtoto nilificha dawa, na dawa yenyewe sikuwa na hakika kama ni yako au ni ya kwangu mimi, maana na mimi nilimpenda yule mtoto, dada, na kwenye mazishi nilikaa nyuma sana, kati ya watu wanaopika, nikijiambia nina kazi.

Usifungue chumba kwa ajili yetu. Jino umelichora, latosha. Shule zinafunguliwa tarehe ishirini na nne, na Mwalimu atawasikiliza wiki inayofuata. Baba yake atampitia tarehe kumi na tano. Mwambie mtoto kwamba nyumbani anaruhusiwa kuvaa viatu.

Mdogo wako

*

Agosti 14

Mdogo wangu,

Barua hii nampa mwanao aje nayo, usiisome mbele yake. Mashati yamekwisha yote mia mbili, vifungo alisaidia yeye. Amelala sasa hivi, ni saa nane mchana, kashiba.

Umesema ukweli, na mimi nitasema wangu. Chumbani hamna kitambaa cha mteja hata kimoja. Nilikifunga siku ya saba baada ya mazishi, na ufunguo nauweka kwenye kopo la bobini za uzi. Siku mwanao aliponiambia lipo ila halionekani, nilimaliza kushona mkono wa shati niliokuwa nao, nikaufunga uzi vizuri, nikaenda nikafungua. Yeye alisimama mlangoni, hakuvuka. Nilikivuta kinanda chini ya kitanda, nikakifuta, nikakilaza kando ya kadibodi, nikahesabu. Mawili, matatu. Mawili, matatu. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Halafu nikabonyeza pale pa kuwashia. Mdogo wangu, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeshika kitanda. Hakikulia. Nikabonyeza tena. Nikakigeuza, nikafungua pa betri, zimevuja. Zimetoa unga wa kijani na mweupe, zimekula mpaka nyaya. Zilikuwa humo tangu siku ile, mwaka na miezi mitatu. Sikutaka kugusa kitu chake chochote kikahama mahali alipokiacha, hata betri.

Nilikipeleka kwa fundi redio wa kona. Kakitazama, kasema, "Mama, ungetoa betri tu. Ukiziacha humo kitu kikiwa kimefungiwa, zinakila." Kasema bila ubaya. Hakujua anamwambia nani. Kakipokea, kasema haahidi.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Siku ya mwisho Chiriku alikuwa anapiga kile kinanda na kuimba, unajua alivyokuwa anaimba, mpaka mteja aliyekuja kupimwa anasahau kuinua mkono. Nilikuwa na oda ya sare arobaini za kesho yake. Nikamwambia, "Zima hicho kidude, nashindwa hata kusikia cherehani yangu." Akazima. Jioni akasema kichwa kinamuuma. Siku ya tatu hatukuwa naye. Kati ya hapo na pale hakuimba tena, na mimi sare nilizimaliza, zote arobaini, zikatoka kwa wakati.

Ndiyo maana nilipomwambia mwanao nyumba hii haitaki kelele nilijisikia nasema maneno ya pili ya sentensi niliyoianza zamani.

Mwanao ni mtoto mwema. Robo saa yake hakukosa siku hata moja. Asubuhi ya leo alinikumbatia kiunoni akaniachia alama kwenye gauni. Sijalifua.

Dada yako

*

Septemba 5

Dada yangu,

Barua yako niliisoma chooni nimefunga mlango, ndipo mahali pekee mtoto hafiki. Sikujibu haraka, na wewe unajua ni kwa nini. Ningekuwa karibu ningekaa tu pembeni yako nikachomeka uzi kwenye sindano, kama zamani ulipokuwa unanituma kwa sababu macho yangu yalikuwa mapya. Nasema tu kwamba aliinuka akazima kwa sababu alikuwa mtoto msikivu na alijua mama yake anafanya kazi. Hakuondoka na kinyongo. Watoto hawaondoki nacho, sisi ndio tunabaki nacho.

Hatujambo. Bati limezibwa. Nimepanda mwenyewe. Sufuria sasa hazina kazi, na mimi usiku nazikosa.

Mwalimu aliwasikiliza Jumatatu. Niliomba zamu ya koridoni nikapewa, nikasimama nje ya mlango na fagio langu. Wa kwanza nilimsikia, alikosea nikajua hata mimi. Wa pili akapiga kama anakanda unga. Wa tatu, wa nne, wote niliwasikia. Zamu ya Sisimizi ilipofika niliegemeza fagio, nikaweka sikio kwenye mbao. Sikusikia kitu. Nikajua hajaanza, labda anatafuta pa kukaa. Nikasubiri. Mlango ukafunguliwa akatoka, kumbe alikuwa amemaliza.

Hakuchaguliwa, dada.

Mwalimu aliniita baadaye. Alisema hakuna aliyekuwa na vidole sahihi kama vyake. Hakukosea hata jino moja, yale mara tisa yote aligusa panapostahili. Alisema na jambo jingine, hilo sitaliandika. Akaniambia mwezi wa kwanza atawasikiliza tena wawili watatu, maana kila mwaka kuna mzazi anayehama, na jina la Sisimizi kaliandika juu kabisa. Kwa hiyo halijaisha. Mimi nimeshika hapo.

Njiani Sisimizi aliniuliza, "Nilipiga vibaya?" Nikamwambia hukukosea hata mahali pamoja. Akatembea kidogo. Akasema, "Mimi nilikuwa nasikia."

Usijilaumu. Kosa ni la kadibodi yangu. Nimeitundika ukutani juu ya kitanda chake, lile jino lako halijafifia.

Mdogo wako

*

Septemba 16

Mdogo wangu,

Nimesoma nimesimama, safari hii nimesoma mistari yote.

Alichosema Mwalimu huna haja ya kuniandikia. Kadibodi haimfundishi mtoto kunyamaza. Mtu ndiye anayemfundisha. Miezi miwili na siku kadhaa nilikuwa nimekaa naye meza moja, na hilo ndilo somo alilolishika kuliko yote. Usinifute machozi kwa kuchukua kosa langu ukaliweka kichwani kwako, kichwa chako kilishabeba kinanda kutoka dukani, chatosha.

Kazi zipo. Wameleta oda ya sketi. Simu nimeiwasha, ikilia nitaitazama kwanza, lakini nimeiwasha.

Fundi redio kakirudisha. Nusu ya kushoto inalia. Nusu ya kulia ni bubu, kasema hiyo imekwisha, hata akipewa mwaka. Kwa hiyo chini kutakuwa na sauti, na juu mtoto itabidi aimbe mwenyewe. Nimejaribu jino moja, lile la kwanza kushoto. Nimelibonyeza nikaliachia haraka. Kesho yake nikalishika zaidi kidogo. Sina zaidi ya hapo kwa sasa.

Chumba nimekipangusa. Godoro limekaa juani siku mbili. Vitu vyake vingine vipo palepale, sijaweza, ila dirisha huwa nalifungua asubuhi.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili mlete Sisimizi. Aje na viatu vyake vile vyenye visigino vinavyogonga. Mwambie robo saa imefutwa, atapiga mpaka achoke, na aimbe, na apige kwa nguvu hata watu wa barabarani wasimame waulize. Apige hivyo mpaka vidole visahau nilichovifundisha.

Cherehani nitaizima mimi.

Dada yako